Injini Kubwa Katika Mwili wa Zamani

Katika mapumziko ya mchana hapa Gisenyi, mwenzetu mmoja wa kiwanda cha chai alituletea swali aliloulizwa na mwanawe nyumbani. Kijana huyo ameona katika simu ndege ndogo za kuchezea ambazo zina injini ya jeti ya kweli. Mwenye ndege husimama chini, ameshika chombo cha redio mikononi, na ndege inapita juu yake kwa kishindo kama ile ya abiria. Mmoja wa hao wenye ndege alionyesha jinsi alivyoitoa injini ya kwanza akaweka iliyo kubwa zaidi. Kijana akauliza: “Baba, kama injini kubwa ina nguvu zaidi, kwa nini wasiweke kubwa tangu mwanzo?”

Baba alikosa jibu, na sisi tulipoulizwa tulicheka kwanza. Lakini tulipolifikiri swali hilo tuliona kwamba si la kitoto hata kidogo. Ni swali la kila karakana na kila kiwanda. Na tarehe 10 Machi 1919 bado ilikuwa mbali na jeti, lakini tarehe 10 Machi 2019 swali hilo hilo lilihusu roho za watu 157 waliopanda ndege Addis Ababa kwenda Nairobi. Kwa hiyo tumeona yafaa tulijibu kwa kirefu, hatua kwa hatua, tukianza na ndege ya kuchezea na kuishia mahali petu pa kazi.

TURBINI NI KITU GANI?

Neno turbini si geni kwetu. Mto Sebeya unaoteremka kuingia ziwa Kivu unazungusha turbini katika vituo vya umeme vya Gihira na Gisenyi. Maji yanashuka kwa nguvu, yanapiga gurudumu lenye mapanga, gurudumu linazunguka, na mhimili wake unazungusha mtambo wa umeme.

Turbini ya ndege ina gurudumu kama hilo, ila kinacholipiga ni hewa ya moto badala ya maji. Mbele ya injini kuna gurudumu linalovuta hewa na kuibana. Hewa iliyobanwa inaingia katika chumba cha moto, inachanganywa na mafuta ya taa na kuwaka. Hewa hiyo ikipata moto inatanuka na kutafuta njia ya kutokea. Inapotoka inalipiga gurudumu la nyuma. Gurudumu la nyuma na la mbele yamefungwa katika mhimili mmoja, kwa hiyo la nyuma linapozungushwa, la mbele nalo linazidi kuvuta hewa. Hewa inayobaki inatoka mkiani kwa kasi kubwa na kuisukuma ndege mbele, kama puto linavyoruka ukiliachia bila kulifunga mdomo.

Injini ya ndege ya kuchezea inafanya kazi hiyo yote, nayo haizidi sana kopo la maziwa ya unga. Mota ya umeme ya kawaida kiwandani huzunguka kama mara 1,450 kwa dakika. Injini hii ndogo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Moshi wake una joto la digrii mia kadhaa.

Mafundi wenzetu watapenda kujua kwamba mmoja wa watu walioifanya injini hii iweze kutengenezwa nyumbani alikuwa Mjerumani aitwaye Kurt Schreckling. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alitengeneza injini ambayo gurudumu lake la kubania hewa lilikuwa la mbao za tabaka, zilizoimarishwa kwa nyuzi za kaboni. Akili ya fundi haisubiri kiwanda kikubwa.

KWA NINI MTU ATAKE KUBWA ZAIDI?

Tusimcheke anayetaka injini kubwa. Ana sababu, na sisi wa Gisenyi tunaweza kuielewa kuliko watu wa pwani. Ziwa letu liko kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam. Injini inayovuta hewa nyepesi inapata hewa kidogo ya kuchomea mafuta, kwa hiyo nguvu zake zinapungua. Bawa nalo likipita katika hewa nyepesi linabeba uzito mdogo, hivyo ndege inahitaji kukimbia zaidi chini kabla ya kupaa. Wenzetu wa Goma, jirani zetu wa ng’ambo ya mpaka, walilijua jambo hili vizuri tangu Januari 2002, mlima Nyiragongo ulipolipuka na lava yake kufunika sehemu ya kaskazini ya kiwanja cha ndege. Kiwanja kifupi, hewa nyepesi, mzigo mzito: hapo kila rubani anatamani nguvu zaidi.

Basi mwenye ndege ya kuchezea anasema: injini yangu inasukuma kwa nguvu ya kilo 10, nitanunua ya kilo 20. Mashimo ya parafujo yanalingana, na kopo jipya linaingia kwa kubanabana. Mtu mwenye haraka atasema kazi imekwisha. Fundi anajua kwamba sasa ndiyo inaanza.

MAMBO MATANO YANAYOBADILIKA

Jambo la kwanza ni mizani. Kila ndege ina kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo ukiishika kwa vidole viwili chini ya mabawa italala sawasawa, haiinamishi pua wala mkia. Ni kama watoto wawili waliokaa juu ya ubao wa pembea. Tuseme injini ya zamani ina gramu 1,100 na mpya ina gramu 1,800. Tofauti ni gramu 700. Injini iko sentimita 50 nyuma ya kitovu. Zidisha 700 kwa 50, utapata 35,000. Ili kusawazisha, lazima kuweka uzito puani. Ikiwa pua iko sentimita 70 mbele ya kitovu, gawanya 35,000 kwa 70, utapata gramu 500 za risasi. Maana yake ndege imeongezeka gramu 1,200, si gramu 700 kama ilivyoandikwa dukani. Na asiyeongeza risasi hiyo ataona ndege yake ikiinua pua, ikipoteza mwendo na kuanguka kama jiwe.

Jambo la pili ni mahali msukumo unapopita. Jaribu kulisukuma kabati zito. Ukilisukuma chini kabisa, sehemu ya juu inalalia kwako. Ukilisukuma juu kabisa, linataka kuangukia mbele. Ndege ni hivyo hivyo. Injini iliyo chini ya kitovu cha uzito ikiongezwa nguvu inainua pua, na iliyo juu inaiinamisha. Injini ndogo hufanya hivyo kidogo tu, rubani hata hasikii. Ukiiongeza mara mbili, kosa lililokuwa dogo nalo linaongezeka mara mbili.

Jambo la tatu ni mafuta na joto. Injini ya kilo 10 hunywa kama theluthi moja ya lita kwa dakika inapotumia nguvu zote. Ya kilo 20 hunywa kama theluthi mbili. Kwa safari ya dakika 8 mtu atahitaji zaidi ya lita 5 badala ya zaidi kidogo ya lita mbili na nusu. Mafuta hayo yana uzito wake, na tangi kubwa linataka mahali pa kukaa. Likiwekwa mbali na kitovu, mizani itabadilika kila mafuta yanapopungua. Bomba la kutolea moshi lililotosha injini ndogo litakuwa jembamba, na joto litautafuna mwili wa ndege kwa ndani.

Jambo la nne ni nguvu za mwili wenyewe. Kasi ya ndege ikiwa mara mbili, hewa inaipiga kwa nguvu mara nne. Bawa lililotulia katika kasi ya kwanza linaweza kuanza kutetemeka katika kasi ya pili, na mtetemeko ukishika unalivunja bawa kwa muda mfupi sana. Mota ndogo zinazovuta vibawa vya kuongozea nazo zilichaguliwa kwa kasi ya zamani. Injini imeongezwa, lakini gundi, mbao, bawaba na nyaya ni zile zile.

Jambo la tano ni mtu mwenyewe. Vidole vyake vimezoea ndege ya zamani. Anajua ikipinda hivi arudishe hivi, akipunguza moto leo itatua pale. Ndege mpya ina sura ile ile na rangi ile ile, lakini tabia si ile. Sura hiyo hiyo ndiyo inayomdanganya.

Kwa sababu hiyo fundi mwangalifu huenda polepole. Kwanza hupima uzito upya na kusawazisha. Kisha huifunga ndege kwa kamba kwenye nguzo, huweka chombo cha kuzimia moto karibu, na kuiwasha bila kuiachia. Huangalia moto, mtetemeko na mafuta. Safari ya kwanza huipunguzia injini nguvu, huruka juu ya kutosha ili akikosea apate nafasi ya kusahihisha, na watu husimama mbali. Na kama anayeirusha ni mtu mwingine, humwambia kila kitu alichobadilisha, hata kile anachokiona ni kidogo.

Ndugu wafanyakazi, tuyakumbuke maneno hayo ya mwisho, kwa maana katika ndege kubwa tunayokwenda kuisimulia, ndiyo hayakufuatwa.

NDEGE ILIYOANGUKA BISHOFTU

Kampuni ya Boeing ya Marekani ilirusha ndege yake aina ya 737 kwa mara ya kwanza mwezi wa Aprili 1967. Ilijengwa ikae chini, karibu na ardhi, ili hata katika viwanja vidogo visivyo na mitambo wapakuzi waweze kufikia mizigo kwa mikono yao na abiria wapande kwa ngazi fupi. Injini zake za wakati ule zilikuwa nyembamba na ndefu, zikakaa chini ya mabawa bila taabu.

Miaka ilivyopita injini za ndege ziliendelea kunenepa, kwa sababu injini yenye feni pana hula mafuta machache zaidi kwa kazi ile ile. Katika miaka ya 1980 Boeing iliweka injini pana zaidi, na ili zisiguse ardhi, upande wa chini wa kasha la injini ulifanywa bapa. Kufikia hapo mwili wa zamani ulivumilia.

Mwezi wa Desemba 2010 kampuni ya Airbus ya Ulaya ilitangaza kwamba ndege yake ya ukubwa huo itapewa injini mpya zinazookoa mafuta. Boeing ilikuwa na njia mbili: kujenga ndege mpya kabisa, kazi ya miaka mingi na fedha nyingi, au kuifunga injini mpya katika mwili wa mwaka 1967. Mwaka 2011 ilichagua njia ya pili, na ndege hiyo ikaitwa 737 MAX.

Feni ya injini ya 737 iliyotangulia ilikuwa na upana wa sentimita 155. Feni ya injini mpya ilikuwa na sentimita 176. Haikutosha chini ya bawa. Kwa hiyo injini ilisogezwa mbele na kupandishwa juu, na mguu wa mbele wa ndege ukarefushwa. Lakini kasha kubwa lililotokeza mbele ya bawa, ndege ikiinua pua sana, nalo lilishika hewa kama bawa dogo na kuizidisha pua kwenda juu. Ni jambo la kwanza na la pili tuliloeleza hapo juu: sehemu kubwa, imewekwa mahali papya, na mwili umebadilika tabia.

Dawa iliyotafutwa ilikuwa programu ya kompyuta iliyoitwa MCAS. Programu hiyo ikiona kwamba pua imepanda mno, ingelizungusha bawa la mkia yenyewe na kuishusha pua, bila kuamriwa na rubani. Mwanzoni iliruhusiwa kulisogeza bawa hilo kwa digrii 0.6 tu. Baada ya majaribio iliongezewa ikafika digrii 2.5 kwa kila mara moja, nayo iliweza kurudia tena na tena. Ndege ilikuwa na vyombo viwili vya kupimia pembe ya pua na upepo, kimoja kila upande, lakini MCAS ilisikiliza kimoja tu kwa safari moja. Chombo hicho kikisema uongo, hapakuwa na wa kukikanusha.

Na marubani hawakuambiwa. Katika kitabu chao cha kuendeshea ndege MCAS haikuelezwa. Sababu tutaipata katika fedha. Boeing iliwaahidi wanunuzi kwamba rubani wa 737 ya zamani hatahitaji kufunzwa upya katika chumba cha mfano wa ndege. Kwa mnunuzi mmoja mkubwa, shirika la Southwest, ilikubali kupunguza bei kwa dola milioni 1 kwa kila ndege ikiwa mafunzo hayo yatalazimu. Hivyo kuwaeleza wafanyakazi kwamba mashine imebadilika kungekuwa gharama.

Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege ya aina hiyo ya shirika la Lion Air iliondoka Jakarta, Indonesia. Chombo kimoja cha kupimia pembe kilikuwa kibovu. MCAS ikaishusha pua zaidi ya mara 20, na kila mara marubani wakawa wanairudisha, bila kujua wanashindana na nini. Ndege ilitumbukia baharini. Watu 189 walikufa.

Hapo ndipo marubani walipoambiwa kwamba kuna kitu kinaitwa MCAS. Mwezi uliofuata, Novemba 2018, chama cha marubani wa shirika la American Airlines kiliwaita wakubwa wa Boeing na kuwauliza kwa ukali kwa nini kitu hiki kilifichwa, na kiliwahimiza wachukue hatua haraka. Wakubwa walijibu kwamba hawakutaka kuwalemea marubani kwa habari zisizo za lazima. Ndege ziliendelea kuruka.

Jumapili ya tarehe 10 Machi 2019, saa mbili na dakika 38 asubuhi, ndege ya Ethiopian Airlines, safari namba 302, iliondoka Addis Ababa, kiwanja kilicho zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Ilikuwa ndege mpya, ina miezi minne tu. Muda mfupi baada ya kupaa, chombo cha kushoto kilionyesha digrii zaidi ya 70, na cha kulia kikaonyesha digrii 15 hivi. MCAS ilikiamini cha kushoto ikaishusha pua. Marubani walifuata agizo lililotolewa baada ya ajali ya Indonesia wakakata umeme wa bawa la mkia. Lakini injini zilikuwa bado katika nguvu za kupaa, kasi ilikuwa imezidi, na gurudumu la kulirudisha bawa kwa mkono lilikataa kuzunguka. Nguvu za hewa zilikuwa zimeishinda mikono ya watu wawili. Waliporudisha umeme, MCAS ilishusha pua tena. Dakika sita baada ya kuondoka, ndege ilianguka shambani karibu na mji wa Bishoftu.

Watu wote 157 walikufa. Walitoka katika nchi 35. Wakenya walikuwa 32, wengi kuliko taifa jingine lolote, na Mnyarwanda mmoja alikuwamo. Siku chache baadaye ndege za aina hiyo zilizuiwa kuruka duniani kote, na Marekani haikuziruhusu tena hadi tarehe 18 Novemba 2020. Programu ilikuwa imetengenezwa upya ili ivisikilize vyombo vyote viwili, iishushe pua mara moja tu, na isimshinde rubani nguvu. Na yale mafunzo ya chumba cha mfano, yaliyokwepwa kwa ajili ya dola, yakawa lazima.

WALIOJUA NA WALIOSEMA

Mtu anaweza kudhani kwamba hakuna aliyejua. Wafanyakazi walijua, kila mmoja kipande chake. Mwaka 2012 rubani wa majaribio wa kampuni hiyo hiyo, katika chumba cha mfano, alichukua zaidi ya sekunde 10 kuitambua hitilafu ya MCAS na kuona kwamba ingeleta maangamizi. Katika uchunguzi wa ndani wa mwaka 2016, watu 39 katika kila 100 miongoni mwa wale wafanyakazi wa Boeing waliopewa kazi ya kuthibitisha usalama kwa niaba ya serikali, walisema wanaona shinikizo lisilofaa. Mwezi wa Juni 2018 msimamizi mmoja wa kiwanda cha Renton, Ed Pierson, aliwaandikia wakubwa wake kwamba wafanyakazi wamechoka kwa kazi za ziada na kwamba yafaa kiwanda kisimamishwe kwa muda. Hakikusimamishwa.

Mwezi wa Januari 2021 Boeing ilikubaliana na serikali ya Marekani kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5. Angalieni jinsi zilivyogawanywa. Dola bilioni 1.77 zilikwenda kwa mashirika yaliyonunua ndege. Warithi wa watu 346 waliokufa katika ajali zote mbili walitengewa dola milioni 500. Hesabu hiyo hatuna haja ya kuieleza.

NA SISI KIWANDANI?

Msidhani hadithi hii ni ya mbali. Mmoja wetu aliwahi kufanya kazi katika kiwanda kimoja cha chai ambako mota ya mkanda wa kupitishia majani iliungua. Hapakuwa na mota ya ukubwa ule ghalani, ila palikuwa na kubwa zaidi iliyotolewa katika mashine nyingine. Ikafungwa, na fyuzi ikabadilishwa kuwa kubwa ili isikatike. Mkanda ulizunguka kwa mwendo ule ule, sura ile ile, hata rangi ile ile.

Zamani majani yalipokwama, mota ndogo ilinguruma, fyuzi ikakatika, mkanda ukasimama. Kina ndugu walizoea kutia mkono na kuchomoa. Ulikuwa mtindo mbaya, lakini udhaifu wa mota uliwakinga bila wao kujua. Mota kubwa haikusimama. Majani yalipokwama siku ya tatu, mwenzetu wa zamu ya usiku akatia mkono kama siku zote, akapoteza vidole viwili. Katika barua ya uchunguzi iliandikwa kwamba alikuwa mzembe. Hapakuwa na mstari hata mmoja uliosema kwamba mota ilibadilishwa wala kwamba hakuna aliyemwambia.

Ndugu, lava na mvua havina wa kuulizwa. Mashine ina wa kuulizwa. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka wafanyakazi wafunzwe na wapewe habari za usalama wa kazi yao, na unamlinda mfanyakazi anayejitoa mahali anapoona kwa haki kuna hatari kubwa iliyo karibu. Sheria ya kazi ya Rwanda namba 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018 nayo inamtaka mwajiri alinde afya na usalama mahali pa kazi. Basi siku mtakapoona injini, mota, tangi au mtungi mkubwa umefungwa katika mashine ya zamani, ulizeni maswali haya kabla ya kubonyeza swichi:

1. Ni kitu gani kimebadilishwa, na nani aliyeamua?

2. Uzito umeongezeka kiasi gani, na msingi, boliti na mhimili vimepimwa upya?

3. Mashine ikikwama sasa, ni kitu gani kitakachosimama kwanza? Ni fyuzi, ni mkanda, au ni mkono wa mtu?

4. Kama kipimo kimoja kikidanganya, kuna cha pili cha kukikanusha?

5. Mfanyakazi akitaka kuizima, nguvu zake zinatosha, na swichi iko mahali anapoifikia?

6. Imejaribiwa bila mzigo, watu wakiwa mbali?

7. Wa zamu zote wameambiwa, hata wa usiku, hata vibarua, na kwa lugha wanayoielewa?

Msiulize mmoja mmoja. Anayeuliza peke yake huitwa mkorofi. Maswali yapelekwe na wajumbe wa wafanyakazi, yaandikwe, tarehe iwekwe, na nakala ibaki kwenu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na yule kijana? Tumempa baba yake jibu hili ampelekee: Mwanangu, injini haiwekwi peke yake. Ukiiongeza, umeongeza uzito, mafuta, joto na kasi, na umembadilishia kazi yule anayeiongoza. Ukiweza kuvitunza hivyo vyote, weka kubwa, uruke. Usipoweza, ya kwanza inatosha. Na siku utakapokuwa fundi, ukibadilisha kitu chochote katika mashine atakayoishika mtu mwingine, mwambie kabla hajaishika.